Mechi moja ya Jacksonville

Ubishi wa kama Gene Smith, aliyekuwa mkurugenzi wa michezo wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alistahili kubaki kazini umefufuka leo kwenye kundi letu, na hasira hazijanishuka.

Kwa wasioijua: Desemba 2010, wachezaji 5 wa futiboli ya Kimarekani wa Ohio State walifungiwa mechi 5 za msimu uliofuata. Waliuza pete na vifaa vyao, wakachorwa tatuu za bei chee.

Machi 2011 ikajulikana kocha Jim Tressel alishatumiwa barua pepe kuhusu mambo hayo tangu Aprili 2010, akakaa kimya. Mei akajiuzulu.

Hapo simlaumu sana Smith. Barua pepe hazikuja kwake.

Kosa lake ni hesabu.

Mwisho wa 2011 timu ilikuwa imeshinda 6, imefungwa 6. Msimu wa kutupa! Chuo kikijinyima chenyewe "bowl", ile mechi ya ziada ya kumalizia msimu, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hulizingatia hilo kinapotoa adhabu. Chuo cha Miami, nao wakiwa 6-6 na kashfa yao, walijinyima mwaka huohuo.

Smith akafuta ushindi wa 2010, yaani makaratasi, lakini Gator Bowl, mechi yao ya ziada ya msimu huo, akaing'ang'ania.

Desemba 20 NCAA ikaifungia Ohio State mechi ya ziada ya msimu wa 2012. Januari 2 wakaenda Jacksonville kwenye Gator Bowl, timu ya Chuo Kikuu cha Florida ikawafunga 24-17.

Halafu 2012, chini ya kocha mpya Urban Meyer, wakashinda 12 kwa 12. Wakabaki nyumbani.

Kumi na mbili kwa kumi na mbili, jamani.

Chuo kilimwacha kazini hadi 2024. Nyie mngemwacha?