Nimesitisha usajili, na picha zangu zote zipo

Jamani, nimesitisha usajili wa programu niliyokuwa nahariria picha. Nawaandikia kwa sababu wengi wanaogopa kwamba kazi zao zitapotea. Picha zilizo kwenye kompyuta yako hazipotei. Kwangu kilichofungwa ni sehemu ya kurekebisha tu. Maktaba bado naiona na nakala za JPEG natoa kama kawaida.

Hatari iko kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nafasi hupunguzwa, na baada ya muda faili zinaweza kufutwa, kwa hiyo pakua kila kitu kwanza! Marekebisho nayo yahifadhi kwenye faili za XMP (faili ndogo za pembeni zinazotunza marekebisho), au toa nakala za TIFF (picha kamili zenye marekebisho ndani yake), maana picha ghafi (RAW, kama ilivyotoka kwenye kamera) yenyewe haibebi rangi ulizozihangaikia usiku kucha.

Kilichoniuma ni ada. Mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi ukiuvunja katikati, unaweza kutozwa sehemu ya miezi iliyobaki. Jambo zito hivyo kuandikwa kwa herufi ndogo si haki kabisa.

Sasa natumia programu mbili: darktable kwa picha ghafi na GIMP kwa mengine. Zote ni za bure, na GIMP inafungua hata faili zangu za zamani za PSD (aina ya faili ya Photoshop).