Nyundo, dira na asidi
Jamani, kozi yetu ya jiolojia, elimu ya miamba, huko Dehradun, India, sasa imehamia milimani. Tone la asidi likigusa jiwe la chokaa, povu papo hapo. Dolomaiti, jiwe linalofanana na chokaa, inanuna bila povu mpaka uikwangue iwe unga. Hapo ndipo unapojua mpaka wa miamba uuchore wapi kwenye ramani. Kilichoniacha hoi ni ule ufa mkubwa chini ya mji wa mlimani wa Mussoorie: miamba mikongwe imesukumwa ikapanda juu ya miamba michanga ya vilima vya Siwalik! Kule Maldeota, karibu na Dehradun, kuna fosfati, malighafi ya mbolea. Chokaa ya milima hii ilichimbwa hadi vilima vikabaki vipara, Mahakama ya Juu ya India ikaamuru machimbo mengi yafungwe mwaka 1985. Wakachelewa, kwa maoni yangu. Kesho tunapanda tena, magoti yatajijua.