Kathmandu hadi Nawalparasi: nyayo za ukoo wa Chaudhary

Ndege ya kutoka Doha ilijaa vijana wa Kinepali waliokuwa wakirudi likizo, na pale Tribhuvan, uwanja wa ndege wa Kathmandu, mkanda wa mizigo ulileta maboksi ya televisheni mengi kuliko masanduku ya nguo. Kila mtu karudi na kitu. Nilisimama nikitazama, kwa sababu Binod Chaudhary, tajiri wa Nepal ambaye ukoo wake nilikuja kuufuatilia, mwenyewe husimulia kwamba biashara yake kubwa ilianzia kwenye uwanja huu: mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliona abiria wa kutoka Bangkok wakishusha maboksi kwa maboksi ya tambi za pakiti. Akajiuliza kwa nini zisitengenezwe hapahapa. Mwaka 1984, kwa ujuzi wa kampuni ya Thailand, tambi zake, Wai Wai, zikaingia madukani Nepal.

Wengi huianza hadithi hapo. Mimi nilitaka kuanza nyuma kidogo, basi nikaenda New Road, barabara ya maduka iliyofunguliwa baada ya tetemeko la 1934 kuubomoa mji. Leo ni dhahabu, simu na nguo, pikipiki zikikupita ubavuni bila kuomba radhi. Babu yake Binod, Bhuramal, alitoka Rajasthan, India, akiwa mfanyabiashara wa Kimarwari, jamii ya wafanyabiashara wa huko, akaja kuuza vitambaa enzi za watawala wa Rana, ambao walishika nchi hadi 1951. Wateja wakubwa walikuwa majumba ya wakubwa hao. Baba yake Binod, Lunkaran Das, alipanua biashara na kufungua Arun Emporium, miongoni mwa maduka makubwa ya kwanza ya kisasa jijini. Msomaji wa Dar au Mombasa hahitaji kuelezwa sana habari za babu aliyevuka mpaka na robota za kitambaa. Tuna koo zetu za namna hiyo.

Binod alikusudia kusomea uhasibu India. Baba akaugua moyo, na kijana mwenye umri wa miaka 18 akajikuta na funguo za duka. Miongoni mwa mambo yake ya mwanzo ni disko lililoitwa Copper Floor, katika Kathmandu ya miaka ya 1970 iliyojaa mahipi. Kutoka disko hadi tambi! Mlolongo wa ajabu, lakini nilipoendelea kusafiri nikaanza kuona mantiki yake.

Lalitpur, ng'ambo ya mto Bagmati, nilikula Wai Wai kwa namna ambayo nadhani ndiyo siri ya mauzo. Mama mwenye kibanda alichukua pakiti, akaiponda kwa ngumi kabla ya kuifungua, akaimwaga bakulini pamoja na kitunguu, pilipili mbichi, nyanya na ndimu. Kachumbari ya tambi kavu. Inawezekana kwa sababu tambi hizi hupikwa na kukolezwa viungo kiwandani, hazihitaji sufuria. Katika nchi ambayo kuni na gesi hubebwa mgongoni kupanda mlima, mtoto wa shule na mpagazi wanaweza kula bila kuwasha moto. Rara, tambi za mji wa Pokhara, zilikuwa sokoni kabla yake na bado zina watu wao, lakini hizo ni za kuchemsha.

Nikapanda basi kuelekea kusini magharibi. Baada ya Naubise barabara inaufuata mto Trishuli hadi Mugling, malori ya India yakija kwa mori upande wa pili. Kila kituo cha chai kilikuwa na pakiti za Wai Wai zikining'inia kama shanga mlangoni. Narayangarh tulipumzika. Upande wa mbuga ya Chitwan, huko msituni, kuna Meghauli Serai, hoteli ya watalii ya ukoo huohuo ikiendeshwa kwa jina la Taj, hoteli za India. Chupa za bia ya Nepal Ice mezani kwa jirani yangu, zao pia. Intaneti ya nyumba ya wageni ilikuwa CG Net, zao. Nilianza kucheka peke yangu.

Nepal ina watu takribani milioni 30, wengi wenye kipato kidogo. Ukishauza tambi kila kijiji, huna pa kukulia isipokuwa bidhaa nyingine. Na kwenda nje si rahisi: kwa miaka mingi sheria ya 1964 ilimkataza raia kuwekeza nje ya nchi. Ndiyo maana ukoo wa namna hii unatanuka kiupana: biskuti, redio, magari ya Suzuki, saruji, benki. Nabil ilianzishwa 1984 kama Nepal Arab Bank, kwa ubia na benki ya Dubai. Wageni walipotaka kuondoka, mwaka 1995 Chaudhary akashika hisa za kuitawala. Hoteli na viwanda vyake vya nje husimamiwa kutoka Singapore na Dubai, jambo ambalo waandishi wa habari wa Kathmandu wamelichimba kwa mashaka, wakiikumbuka sheria hiyo. Mwaka 2013 Forbes ikamtaja kuwa bilionea wa kwanza wa Nepal. Mimi naona ukubwa huo umetokana na ufinyu wa soko kuliko na kipaji cha mtu mmoja, ingawa kipaji kipo.

Ndugu zake Binod nao hawakubaki chungu kimoja. Basant, ambaye pia ni mshairi, na Arun wana makampuni yao. Binod ana wanawe watatu, Nirvana, Rahul na Varun.

Baada ya vilima vya Daunne, ambako barabara ilikuwa vumbi na mashimo matupu, nilishuka Nawalparasi Magharibi. Mwaka 2022 jimbo mojawapo la huku lilimchagua Binod kuwa mbunge kupitia chama cha Nepali Congress. Mwenye duka la jumla niliyeongea naye aliniambia kaka, tambi zinatoka haraka, ila faida kwenye pakiti ni ndogo. Yeye anapata kitu kwenye saruji.

"Na ulimpigia kura?"

"Kura ni siri," akasema, akaendelea kuhesabu mifuko.