Siku moja maishani mwangu: zamani mhasibu, sasa mama wa mobile money Malaba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kinachoniamsha ni honi, alamu naiweka tu kwa mazoea. Ukiishi Malaba, mpakani na Kenya upande wa Uganda, karibu na barabara unazoea, malori yanayotoka Mombasa hayajui usiku wala Jumapili. Umeme ulikatika jana jioni na katochi yangu, ile simu ndogo ya floti (salio la mobile money la kazini), imezima kabisa, kwa hiyo natoa laini ya floti naitia kwenye simu yangu kubwa pamoja na laini yangu ya kawaida. Laini mbili, simu moja. Wakati ule nikajiona mjanja, ikaja kunitokea puani.

Uji, watoto, sare, shule. Saa moja niko mezani.

Ofisi yangu ni mwavuli, meza, viti viwili vya plastiki na daftari. Nina miaka 46. Miaka 13 nilikuwa mhasibu wa mradi wa afya uliokuwa unaendeshwa na pesa za Marekani, Januari 2025 misaada ikasimamishwa na Februari tukaitwa mmoja mmoja kuchukua barua. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema aliyefanya kazi miaka 10 na zaidi apewe notisi ya miezi mitatu, sisi tulipewa mshahara wa mwezi mmoja na asante nyingi sana. Kilichoniokoa ni NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, maana tangu sheria irekebishwe 2022 mtu aliyefika miaka 45 na amechangia miaka 10 anaweza kuchukua mpaka asilimia 20 ya akiba yake. Wenzangu walinunua ploti, mimi nikanunua floti. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, "Digrii yote ile ukakae chini ya mwavuli?" Hakurudia, lakini na mimi sijasahau.

Watu wanadhani kazi hii ni kukaa. Sikilizeni, nina milioni tatu, basi. Mtu akiweka pesa, keshi inapanda floti inashuka, akitoa ni kinyume chake, na asubuhi wote wanataka kuweka na jioni wote wanataka kutoa, kwa hiyo kutwa nzima kichwa kinapiga hesabu ya hizo mbili zisiishe. Floti ikiisha nakimbilia benki na meza namwachia muuza chapati. Juu ya hapo kila anayetoa lazima anigombeze kwa ile kodi ya asilimia 0.5, mtu ametoa 500,000 amekatwa 2,500 ya serikali ananitazama kama mimi ndiyo nimeiweka mfukoni.

Saa mbili mpaka saa nne: kuweka, kutoa, kuweka, salamu za Kiteso, "yoga noi", na akina mama wa sokoni, afande mmoja wa kukopa ambaye simkopeshi.

Saa tano kamili nilikuwa na usaili wa simu. Sacco moja inatafuta mhasibu, na katika maombi 31 niliyotuma tangu nifukuzwe hao ni wa nne kunijibu (mengi huwa yameandikwa "asizidi miaka 35", najifanya sijaona natuma tu). Nilishapanga kufunga meza dakika kumi kabla, nikae nyuma ya duka la vipuri ambako hakuna kelele.

Saa nne na robo akaja dereva. Mkenya, lori limesimama Tororo tairi zimepasuka, yeye amerudi na boda kubadilisha pesa, anataka kumtumia fundi 680,000. Namba ameiandika nyuma ya karatasi ya sigara. Nikamwambia kaka, andika mwenyewe kwenye daftari, ndiyo utaratibu wangu kwa kila mtu, akaandika huku anaongea na simu nyingine. Nikaingiza namba, jina likatokea, nikamsomea jina kwa sauti mara mbili. "Huyo huyo mama, tuma, tuma." Nikatuma.

Dakika kumi baadaye amerudi macho mekundu. Fundi hajapata kitu. Nikafungua daftari tukalinganisha na ile karatasi, kwenye sigara ni 1, kwenye daftari amechora 7 yenye mkia kabisa, kwa mkono wake. Nikamwonyesha. Akasema mimi ndiye niliyemharakisha. Mimi! Akaanza kupaza sauti kwamba hawa mawakala wa Malaba wote lao moja, huyo niliyemtumia atakuwa ndugu yangu, na unajua watu wa mpakani, kelele kidogo tu duara limeshajaa, boda wamezima pikipiki, mtu ambaye hajui hata kumetokea nini anasema "mrudishie mzee pesa yake." Nirudishe kutoka wapi? Ile 680,000 ni karibu robo ya kila kitu nilicho nacho.

Nikapiga ile namba ngeni, imezimwa. Nikapiga kastama kea. Muziki. Bonyeza moja, bonyeza mbili, muziki tena. Dereva amesimama juu ya kichwa changu anapumua. Nikaona huyu akiendelea kusimama hivi duara halitaisha, nikamwita muuza chapati nikamwambia mpe kaka chai na chapati mbili, nitalipa. Akakaa. Mtu mwenye chai mkononi hapigi kelele sana. Muziki ukaendelea, wateja wakaenda kwa jirani, nikaona saa kwenye skrini: tano na dakika nne.

Simu ya laini mbili, ukiongea na moja, nyingine imelala. Nilijua, na sikukata. Nilikuwa wa dakika ya 26 kwenye ule muziki na pesa ya mtu inaweza kutolewa popote Uganda sekunde yoyote. Tano na kumi na moja binti akapokea, akakuta pesa bado ipo, akaizuia, akasema watamtafuta mwenye laini ndipo irudi kwangu. Dereva akapiga picha uso wangu, daftari, mpaka mwavuli, akapanda boda bila kuaga. Kwenye simu yangu ujumbe: umepigiwa mara mbili.

Baada ya hapo sijui saa zilivyokwenda. Nilipiga mara tatu haikushikwa. Mvua ilinyesha, nikakumbatia daftari. Sikula. Wakati fulani wa jioni, namhesabia mama mmoja noti za elfu tano, wakapiga wao wenyewe, nikajibu hapo hapo huku honi zinalia na yule mama ananisubiri. Wakauliza, "Madam, tangu Februari kuna pengo kwenye CV yako, umekuwa ukifanya nini?" Nikawaambia nimekuwa nafunga hesabu ya keshi na floti kila usiku, peke yangu, mpaka shilingi ya mwisho, na sijawahi kulala na upungufu. Kimya kidogo. "Tutakupigia."

Giza limeshaingia ile pesa ikarudi. Nikaituma kwa fundi namba sahihi, nikampigia dereva. "Sawa mama." Akakata.

Nyumbani, saa nne usiku, tochi mezani maana umeme bado. Floti nimeandika, keshi nimehesabu, najumlisha: pungufu 2,000. Narudia. Pungufu 2,000. Siku hii ya leo, baada ya maneno niliyowaambia wale watu! Nikageuza pochi, nikakung'uta daftari, nikahesabu sarafu upya, nikamwamsha mpaka mtoto kumuuliza kama aligusa mkoba. Karibu saa tano nikakumbuka.

Nikachukua kalamu: chai na chapati, dereva, 2,000.