Bahasha ya kaki

Wiki ya tatu sasa tangu nirudi Mombasa, baada ya miaka 11 Doha. Kibokoni ni ile ile, mahamri ya asubuhi bado yanukia hiliki, na mamangu, Alhamdulillahi, mzima. Lakini kuna jambo limeninyima usingizi.

Mwana wa marehemu kaka yangu ana miaka 21 na hana kitambulisho. Nilimwacha mdogo akisoma chuo cha Kurani, leo anabeba magunia sokoni Marikiti. Ujira wake huingia kwenye M-Pesa ya mamake, kwa sababu bila kitambulisho laini ya simu haisajiliwi. Benki hafungui akaunti, kura hapigi, cheti cha tabia njema haombi, na bila cheti hicho waajiri wengi hawamtazami.

Alinionyesha bahasha yake ya kaki, imechakaa pembe kwa kushikwa. Ndani mna cheti chake cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi wake, na kipande, yaani kitambulisho cha zamani, cha mzee wetu, kilichofifia hata sura haionekani. Safari ya mwisho, kwenye ofisi ya vitambulisho, aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Babu aliyezaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, miaka mingi kabla ya uhuru! Cheti kitoke wapi? Kijana waliyesoma darasa moja, jina lake si la Kiislamu, alipata chake bila kuulizwa habari za babu.

Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walikubaliana ukanda wa Pwani, uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, uingie Kenya, na Waislamu wabaki na dini yao na makadhi wao. Katiba ya 2010, kifungu cha 12, inampa kila raia haki ya hati za utambulisho. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini kufuta msasa wa ziada, yaani kule kuhojiwa zaidi waombaji wa vitambulisho, kwa kaunti za mpakani. Ndugu zetu wa kule wameumia miaka mingi, nami nimefurahi kwa ajili yao. Lakini msasa huu haufuati mpaka tu, unafuata jina.

Doha nilikuwa mgeni, na kadi yangu ya ukaazi ilisema hivyo. Nilivumilia kwa kuwa nina kwetu. Huyu mtoto kwao ni hapa, na hapa ndipo anapoulizwa kwao ni wapi.

Jumatatu tunakwenda naye ofisini tena. Mamangu ameshikilia kufuatana nasi, miguu yake hivyo hivyo, akamshuhudie mumewe kwa mdomo wake.

Jana usiku kijana aliniuliza, "Ami, nivae kanzu ama shati?"

Nimemwambia avae anavyovaa siku zote.