Vile nilikata timoni ya karavani juu portai ifunge

Karavani yenyewe, kanyumba ka kuvutwa na gari, ni ndogo, ilitoka Afrika ya Kusini ikapita Zambia na Kasumbalesa mpaka huku Lubumbashi, niliinunua okazioni, ilikuwa imeisha kutumika. Siku ya kununua sikupima kitu, furaha tu. Sasa kwetu Bel-Air, kutoka ukuta ya jikoni mpaka ku portai (geti) ni metre 4 na santimetre 30, karavani na timoni yake, ule mkono wa chuma wa mbele wa kuvutia, ni 4,75, portai haifungi, timoni inatokea mu barabara watoto ba jirani banaifanya bembea. Mama watoto akasema, papa, siku moya mutu ataifunga ku gari yake aende nayo na sisi tunakula bukari.

Sudere (fundi wa kuchomelea) wa kwanza alitaka akate timoni nusu metre halafu achomelee kichwa, kile kinashika gari, karibu na chasi. Nikakataa. Timoni ikikuwa fupi, ukikata kona kali karavani inagonga gari nyuma, na kurudi nyuma, maryeri, inakuwa taabu juu inageuka mbio mbio.

Njo tukafanya timoni ya kutoa na kurudisha. Tulikata pale mbele, penye byuma bibili bya chasi bimeisha kukutana, tukachomelea ku kisiki chenye kilibaki ku chasi tole (chuma bapa) mbili za milimetre 10, moya juu moya chini, timoni inaingia katikati, bulo (bolti) mbili za milimetre 20 zinapita. Ndani ya timoni, penye bulo inapita, weka kabomba ka chuma na ukachomelee, usisahau hii, juu bila hako ukikaza ekuru (nati) tibu ya timoni inabonyea na bulo inaanza kucheza.

Yangu haina freni, iko chini ya kilo 750. Kama yako iko na freni ya timoni usijaribu, kuko chuma inapita ndani, ukikata umekata na freni.

Sasa kosa letu. Sudere alichomelea tole timoni ikiwa mule ndani imebanwa kabisa, chuma ikapoa ikajikunja, ikagoma kutoka! Nyundo, kiriki (jeki), mafuta, wapi, na umeme ikaenda, tukangoja mpaka saa kumi. Tukakata tole ya juu tukaanza upya, safari hii tukatia kipande cha bati ya kopo ya maziwa juu na chini ya timoni, tukachomelea, tukavuta bati, nafasi ikabaki sawasawa, graisi kidogo basi.

Mnyororo nao, ule wa kushika karavani ku gari kama kichwa kinaachia, ulikuwa ku kipande chenye kinatoka, maana yake bulo zikikatika hauna kazi. Nikauhamisha ku chasi.

Safari ya kwanza ilikuwa Likasi, nikasimama katikati ya njia nikakuta ekuru moya imelegea, nikanunua zile ziko na plastiki ndani. Siku hizi karavani ni 4,22, portai inafunga, na timoni inalala chini ya kitanda yetu, kidole yangu ya mguu inaijua vizuri sana.