Jumamosi ya mwinjilisti wa mtaa

Saa 11 alfajiri. Ng'ombe hajui kama mtu ni mtumishi wa Mungu. Nakata majani, nakamua, maziwa namwachia mama watoto ayapeleke kwa wateja. Mtaa wetu wa kanisa ni mdogo, wa Kilutheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mchungaji ana mitaa mingine ya kuhudumia, hivyo huku tunamwona siku za Chakula cha Bwana na ubatizo. Siku zilizobaki ni mimi na wazee wa kanisa. Posho yangu hutoka kwenye sadaka, na sadaka hufuata mvua. Msimu huu mvua imegoma.

Saa 12, jumuiya. Wimbo, neno, maombi, bahasha, kila mtu shambani. Familia mbili hazionekani siku hizi. Zimehamia kwa nabii mmoja mwenye maji ya upako. Siwalaumu sana. Mwenye mtoto mgonjwa humsikiliza anayemwahidi kesho, si anayemwambia avumilie.

Saa 3, kipaimara. Somo ni barua kwa kanisa la Smirna, Ufunuo sura ya 2: "Uwe mwaminifu hata kufa." Nawaambia mji huo leo unaitwa Izmir, uko Uturuki, na askofu wake Polikarpo alipoamriwa amkane Kristo alijibu kwamba amemtumikia miaka 86 na hajatendewa baya lolote. Halafu nawaleta nyumbani, Akeri, mwaka 1896. Wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig ya Ujerumani, Ovir na Segebrock, waliuawa hapo pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao.

Binti mmoja, yule asiyekubali jambo kirahisi, ananyoosha mkono. "Mwalimu, hao Wachaga waliitwa nani?"

Sina majina.

"Na Wameru waliouawa Wajerumani walipokuja kulipiza kisasi?"

Namjibu kweli: wale wageni wawili tunawataja kuliko hao wote, na si haki. Darasa zima limenyamaza. Wenzake wamezoea maswali yake yanayochelewesha chai, lakini leo hakuna aliyeguna.

Saa 8 mchana, nikiwa nimeshiba loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando, naenda kwa babu mmoja aliyekuwa mzee wa kanisa. Macho hayaoni tena, na watoto wake wako Dar es Salaam.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwinjilisti. Umekuja na wembe?"

Leo ni kucha. Naloweka miguu yake kwenye beseni la maji ya vuguvugu, maana kucha za uzeeni zikiwa kavu wembe huteleza ukakata nyama. Nasubiri zilainike, naanza na kidole gumba, kipande kidogo kidogo kutoka pembeni. Uchafu uliojificha chini ya kucha nautoa kwa njiti ya kiberiti. Anaona aibu, kama kawaida yake. "Hii kazi ya wajukuu," anasema. Namkumbusha kwamba hata Petro alikataa kuoshwa.

"Petro alikuwa na miguu mizuri," anajibu, na tunacheka mpaka maji yanamwagika.

Saa 10 nafagia kanisa. Popo wamechafua tena upande wa kwaya. Simu inaita: rafiki yangu wa Mererani, ana nafasi ya mlinzi mgodini, mshahara wa kila mwezi. Ananiuliza nitakula maombi mpaka lini. Namwambia nitafikiria, na si uongo. Ada ya shule naifikiria kila siku. Lakini nikienda, nani ataloweka ile miguu? Naendelea kufagia.

Saa 12 jioni kwaya inafanya mazoezi. Sauti ya nne ina mtu mmoja tu, na amekuja na mafua.

Saa 3 usiku mchungaji anapiga. Kuna msiba mtaa mwingine, kesho hafiki. Mahubiri ni yangu. Ubatizo unaahirishwa, na kazi ya kuwaambia kina mama, ambao nyumba moja imeshachinja mbuzi, nayo ni yangu. Natafuta tochi.